Shingo Niliyoiruka

Kabla sijaueleza ubaya wangu, nieleze kwanza nilivyojifunza kuandika sura za watu. Nilijifunza vibaya, na si haki niseme kuna aliyenifundisha vibaya. Niliishia darasa la saba. Yaliyobaki niliyaokota mwenyewe kwenye vitabu vya hadithi, vile vya karatasi nyembamba vilivyokuwa vikiuzwa vimekwishasomwa, vimepangwa juu ya gunia kule Muthurwa.

Ilikuwa miaka ya sabini ikielekea mwisho. Tulikaa nyumba za baraza la jiji, mtaa usio mbali na Kariokor. Safu baada ya safu, milango yote imepakwa rangi moja ya kijani, chumba kimoja kwa kila familia, jiko moja kwa familia mbili. Jiko letu tulilitumia mimi na jirani yangu, mwanamke wa rika langu, naye ametoka magharibi kama mimi, ingawa si kijiji kimoja. Mume wangu alikuwa gadi wa treni, leo yuko Voi, kesho Nakuru. Wake alikuwa karani wa stoo, mtu mpole, wa kurudi nyumbani mapema. Alasiri tukimaliza kufua, jirani alikuwa akichambua maharagwe na mimi nikisoma kwa sauti. Ndiye aliyeanza kuniita Mwalimu. Ulikuwa utani, lakini naungama kwamba niliupenda.

Katika vile vitabu, mapenzi na mauaji hayakutupa shida. Hayo tuliyaelewa. Kilichotupa shida ni sura.

"Alikuwa na uso wa yai," nikasoma siku moja.

"Yai limesimama au limelala?" jirani akauliza.

Sikuwa nimelifikiria hilo. Akachukua yai kutoka kwenye kikapu, akaliweka karibu na shavu langu, ncha juu, kisha ncha chini, akarudi nyuma hatua moja kunitazama kama fundi anayepima mlango.

"Wewe hapana," akasema. "Wewe ni kiazi."

Tulicheka mpaka maharagwe yakamwagika. Lakini swali lilibaki. Kulikuwa na msichana wa rangi ya maji ya kunde, na kwa kuwa kunde zilikuwepo nilizichemsha, nikamwaga maji kwenye bakuli jeupe tuyaone. "Haya nimeyaona," jirani akasema. "Ni yale ninayooshea watoto miguu." Kulikuwa na mwanamume wa miraba minne, nikajaribu kumchora kwenye daftari, akatokea kabati. Kulikuwa na shingo ya pingu, na jirani akataka kujua huyo msichana aliiba nini mpaka akafungwa shingoni. Kitabu kilikuwa kimetuonyesha yai, kunde, kabati na pingu, na mtu mwenyewe bado hatujamwona. Angepita nje pale bombani tusingemjua.

Ingekuwa vyema kama ningeishia hapo, kwenye kucheka. Lakini mimi nilikuwa na daftari. Humo niliandika mambo ya siku, na kwa nyuma, kuanzia ukurasa wa mwisho kurudi mbele, niliandika maneno ya sura niliyoyaokota. Macho yenye huzuni ya mbali. Mwendo wa madaha. Nikawa nacheka na jirani, kisha nikiwa peke yangu nayanakili. Polepole nikaamini kwamba ndivyo inavyotakiwa, kwamba mtu kabla ya kuingizwa kwenye karatasi lazima afuliwe kwanza na kupigwa pasi. Hakuna kitabu kilichosema hivyo. Niliona tu kwamba ndani ya vitabu hakuna mwenye pengo wala kigugumizi, isipokuwa mwizi.

Jirani alipokaribia kujifungua mtoto wa tatu, mama yake alikuja kutoka nyumbani kumsaidia. Kwa desturi yetu, mama mkwe halali chini ya paa la mume wa binti yake. Wakikutana njiani, mwanamume hupisha, huangalia chini, husalimu kutoka mbali. Hamtazami usoni, sembuse kumzungumzia mwili wake. Nyumba za baraza la jiji, za chumba kimoja, hazikujengwa na mtu aliyeijua desturi hiyo. Basi mama akalala kwangu, mume wangu akiwa safarini. Nilijiona mtu wa maana sana. Nilimtandikia kitanda, mimi nikalala chini na wanangu.

Mama yule alikuwa na rovu. Nalisema sasa bila kuzunguka, kwa sababu wakati ule sikulisema. Ule uvimbe wa shingoni ambao kwetu tuliwaona nao wazee wengi wa milimani. Lake lilikuwa kubwa, limemtangulia kidogo anapoinama. Lilikuwa halimuumi. Alilifunga kitambaa akitoka nje kwa ajili ya baridi, akiwa ndani akakivua. Asubuhi tulikaa tukinywa chai tumeelekeana, magoti yakikaribia kugusana, na mimi nikaangalia mikono yake, au kikombe. Hiyo niliiona ndiyo heshima.

Alifika Ijumaa. Jumapili jirani akapelekwa hospitali ya wazazi, akapasuliwa, mtoto akatoka salama, wa kiume. Ikabidi abaki huko zaidi ya wiki. Mama alikwenda kumwona mara mbili, nikimpeleka mimi. Jumatano asubuhi nilikuwa kwenye foleni ya bomba. Niliporudi na debe langu, kitanda kilikuwa kimetandikwa vizuri, mfuko wake upo, yeye hayupo.

Nadhani alitaka kwenda mwenyewe kumwona binti yake, asinisumbue. Alikunja kona moja, akakunja nyingine, akageuka, akakuta milango ya kijani mia. Kiswahili alikuwa hajui.

Siku ile nzima tulimtafuta. Mume wa jirani alikimbia mpaka hospitali, mpaka stendi ya mabasi ya nyumbani, mpaka Muthurwa. Kumi na moja jioni akaenda kituo cha polisi kupiga ripoti. Aliporudi, alisimama nje ya mlango wa jiko, hakuingia.

"Shemeji, wameniuliza yukoje."

"Ukasema?"

"Nimesema ni mama mzee. Wakauliza, mzee wa namna gani? Nimeshindwa. Siwezi kumsema yule mama, shemeji, wewe unajua." Akafuta uso na mkono wa shati. "Wewe ndiye umekaa naye. Na wewe ndiye mwandishi hapa. Andika, nami nitabandika kila mahali."

Mwandishi. Mtu amepotelewa na mama mkwe, ametembea tangu asubuhi bila chakula, na mimi neno lile likanishuka tumboni kama asali. Lazima hilo niliandike, kwa kuwa kama nisingelipenda neno lile pengine ningeandika kama mtu.

Nilifungua daftari kwa nyuma. Tangazo lenyewe ninalo bado:

"Amepotea mama wa makamo, si mrefu wala si mfupi. Rangi yake ni maji ya kunde. Ana uso wa yai na macho ya upole yenye huzuni ya mbali. Mwendo wake ni wa madaha. Amevaa gauni la maua na kitambaa. Atakayemwona tafadhali amlete kwa mzee wa kanisa au kituo cha polisi."

Wa makamo! Alikuwa na wajukuu wanaonyoa ndevu. Na ule mwendo niliouita madaha ulikuwa mguu mbovu, aliouvunja zamani akitoka mtoni.

Nilipofika shingoni nilisimama. Nakumbuka kabisa, kalamu ilisimama. Niliwaza karatasi hii itasomwa na watu sokoni, watoto watacheka, na jirani yangu akitoka hospitali atakuta mama yake ametangazwa jiji zima kwa rovu. Hayo yalikuwa mawazo ya huruma, nayatetea mpaka hapo. Lakini kulikuwa na wazo jingine chini yake: kwamba neno lile litaniharibia tangazo. Lilikuwa limekaa vizuri. Basi kutoka kidevuni nikaruka mpaka kwenye gauni.

Mume wa jirani alilisoma mara mbili.

"Liko sawa, shemeji?"

Akakohoa. Akaangalia chini, vile vile anavyomwangalia mama mkwe wake.

"Ni Kiswahili kizuri," akasema.

Nilinakili kwa mkono mara kumi na mbili. Alhamisi asubuhi tuligawana: yeye Muthurwa na njia ya hospitali, mimi ukumbi wa mtaa, kanisani, na lango la soko la Kariokor. Nakala moja niliibandika kwenye mlango wa jiko letu, sijui kwa nini. Labda niwe naipita.

Penye ukumbi vijana walikuwa wameegemea ukuta. Mmoja akaisoma kwa sauti, akaweka na mikono.

"Wee! Hii si mathe imepotea, hii ni dame ya mtu."

"Mwendo wa madaha, buda! Akipotea kwetu harudi."

"Nyamazeni," nikawaambia. "Ni mama ya watu."

"Basi si ungesema ni mama?" yule wa kwanza akajibu, na sasa naona ndiye mtu pekee aliyenisaidia wiki ile. Sikumsikia. Nilimwona mhuni tu. Nilimsikia mwanamke wa kwaya siku ya Jumapili, aliyenishika mkono baada ya tangazo kusomwa kanisani: "Umeandika kama kitabu, dada." Nilimshukuru. Mama yuko siku ya tano huko asikojulikana, na mimi nasema asante.

Kule hospitali tulikuwa tunadanganya. Jirani akiuliza mbona mama haji, tunasema miguu imemvimba, anapumzika. Alikuwa akinipa salamu nimpelekee. Nilizipokea.

Lango la Kariokor nilikwenda mara mbili zaidi, Ijumaa na Jumamosi, kutazama kama karatasi ipo. Ilikuwepo. Niliikandamiza pembe na kidole, nikaisoma tena mpaka mwisho, nikageuka nikarudi nyumbani.

Jumatatu jirani aliruhusiwa. Tulikubaliana mumewe amwambie njiani, lakini alishindwa, au alikuwa anatafuta pa kuanzia. Alifika mlango wa jiko amekumbatia mtoto, anatembea ameinama kwa ajili ya kidonda, akaiona karatasi. Akasoma. Nilikuwa ndani, nimeshika mwiko.

"Nani huyu amepotea?"

Akanigeukia mimi.

"Mwalimu, nauliza. Huyu mama ni wa nyumba gani?"

"Ni mama," nikasema. "Ni mama yako."

Alinitazama, akaitazama karatasi tena, midomo ikitembea kwenye yale maneno. Uso wa yai. Tulikuwa tumelicheka pamoja neno hilo, mahali pale pale.

"Tangu lini?"

"Jumatano."

"Na rovu la mama liko wapi?" Hakupaza sauti. "Watu wanamjua mama yangu kwa nini, hapa duniani? Mtoto mdogo ukimuuliza atakwambia, yule nyanya wa rovu. Liko wapi?"

"Niliona haya kuliandika."

Akageuka kwa mumewe, aliyekuwa amesimama karibu na bomba na mfuko wa nguo mkononi. "Na wewe ulisoma?"

"Nilisoma."

"Hukuona halipo?"

"Niliona," akasema. "Lakini mimi si wa kutaja mwili wake. Nilidhani yeye anajua anachofanya. Yeye ndiye..." Hakumaliza. Nashukuru hakulimaliza lile neno.

Nimemfikiria mtu yule mara nyingi, na nataka nimtendee haki. Desturi ilimfunga mdomo, naye hakuitunga. Mimi hakuna kilichonifunga. Mimi ndimi niliyelala chumba kimoja na yule mama.

Jirani alikaa kwenye kigoda taratibu, akampakata mtoto, akasema, "Leta daftari. Mimi nasema, wewe unaandika. Usiongeze kitu."

Akasema, nikaandika:

"Amepotea mama mzee. Ana rovu kubwa shingoni. Meno ya chini hana. Anachechemea. Hajui Kiswahili."

Kwa jumla ni maneno kumi na manne. Mumewe alichukua nakala ya kwanza mbio, wino haujakauka. Mimi nikafuata na za Kariokor. Sikuwahi hata kuibandua ile ya zamani langoni. Mwanamume mmoja aliyekuwa amebeba matairi ya kukatia viatu vya akala alisoma begani mwangu, akasema, "Huyu? Huyu si yuko huku nyuma?"

Alikuwa nyuma ya safu ya mafundi wa akala, pale ambapo mwanamke mmoja aliwapikia wafanyakazi uji na githeri, mahindi yaliyochanganywa na maharagwe. Alikuwa amekaa kwenye debe lililogeuzwa, anachambua mahindi, kitambaa shingoni, kama aliyeajiriwa. Kutoka mlangoni kwangu, kwa miguu, si dakika ishirini. Mara tatu nilisimama langoni karibu kiasi cha kusikia nyundo za wale mafundi.

Mwanamke wa uji alinipokea bila ukali, jambo ambalo lilinitesa zaidi.

"Amekuwa akilala kwangu tangu Jumatano," akasema. "Kuna fundi hapa anayejua lugha yake. Tulimuuliza, akataja jina la binti yake. Sasa huku mjini nani anajua jina la mwanamke? Angesema ni mama ya mtoto gani, tungempata. Akasema mlango wa kijani. Tukacheka, Mungu atusamehe."

"Na karatasi?" nikauliza. "Hamkuiona karatasi?"

"Ya langoni? Si tulisomewa Alhamisi hiyo hiyo! Tukamtazama huyu, tukatazama karatasi. Nikasema hapana, hao wamepotelewa na mrembo wao. Nikamwambia fundi amwambie mama, pole, watu wako bado hawajaanza kukutafuta."

Siwezi kuandika kilichonipata hapo. Nimejaribu mara nyingi, na kila neno linalonijia ni la kitabu.

Nilirudi naye, tukitembea kwa mwendo wake. Jirani alimpokea kwa kilio, mama akampokea mjukuu, wakakaa jikoni. Mumewe aliporudi alikaa nje na kumshukuru Mungu kupitia ukutani. Nilitaka kujiondoa. Mama akaniita.

"Binti yangu," akasema kwa lugha yetu. "Yule fundi wa viatu aliniambia kuna karatasi ya mtu mwingine mnayemtafuta. Mlipotelewa na wangapi?"

Jirani akaniangalia, akasema, "Msomee."

Ilikuwa bado mlangoni. Niliibandua, nikamsomea, nikigeuza sentensi moja moja kwa lugha yetu. Maneno yale yakigeuzwa yanakuwa mabaya sana. Uso kama yai la kuku. Rangi ya maji yaliyopikiwa kunde. Mama alisikiliza kwa makini, ametega sikio kama mtu anayejaribu kumkumbuka mgeni.

"Nani huyu?" akauliza, sawasawa kabisa na binti yake.

"Ni wewe, mama."

Mkono wake ukapanda shingoni polepole. "Na hili?"

"Nilikuonea haya, mama. Nilitaka kukustahi."

"Tumekunywa chai mimi na wewe asubuhi tano," akasema. "Unaniwekea sukari, unaniuliza nimelalaje. Kumbe wakati huo wote ulikuwa unanionea haya?"

Akanirudishia kikombe nilichokuwa nimempa, hajakinywa, akaomba apewe mfuko wake.

Siku zilizobaki alilala kwa mzee wa kanisa, mpaka siku ya kupanda basi. Alinishukuru kwa kitanda, hilo nisilifiche. Aliagana nami kwa mkono. Hakuna aliyenionyesha chuki, na pengine ndiyo sababu mpaka leo sina pa kuitua hii aibu.

Jiko tuliendelea kulitumia pamoja miaka mingi. Jirani hakuniita Mwalimu tena. Baada ya miezi kadhaa aliniomba nimsomee, akichambua maharagwe yake, mtoto mgongoni. Nilisoma vizuri mpaka msichana wa hadithi akaingia mlangoni na mwandishi akaanza, alikuwa mwembamba wa wastani, mwenye...

"Ruka hapo," jirani akasema, bila kuinua macho. "Kuruka unajua."

Nikaruka. Alikuwa na haki.

Waandishi wale siwalaumu. Siwajui. Huenda na wao walikaa mbele ya mtu fulani wakitazama kikombe, na walipokwenda kuandika, kikombe ndicho walichokuwa nacho.

Yule mama alipokwishaondoka, nilifungua daftari kwa mbele, kwenye mambo ya siku, nikakusudia kumwandika kama alivyokuwa, si kwa ajili ya kubandika mahali. Mikono niliiweza. Kidole kidogo cha kushoto kimepinda kwa ndani. Kovu la moto juu ya kiganja, jeupe, refu kama njiti ya kiberiti. Kucha za gumba zimeganda rangi ya udongo. Kikombe pia nilikiweza, na ufa wake. Kisha nikaandika: rovu. Nikataka kusema lilikaa upande gani wa shingo, la kulia au la kushoto, au kama lilikuwa katikati, na kalamu ikasimama kama ile siku.

Sikujua. Asubuhi tano, magoti yakikaribia kugusana, na sikujua.

Kutoka kwangu mpaka mlango wa jirani zilikuwa hatua saba. Ningekwenda nikamuuliza, angenijibu kwa neno moja. Nilisimama, nikafika mpaka kwenye pazia, nikasikia akimwimbia mtoto. Nikarudi nikaketi.

Katika daftari, baada ya neno rovu, kuna nafasi niliyoiacha. Mpaka sasa haijajazwa.